Msiuze karatasi zilizosahihishwa: kuna vyuo vinavyoziomba

Mwalimu wa Jogoo Road (mwenye uzi)

Wazazi na vijana wa Nairobi, uzi huu ni mrefu, lakini someni kabla mtoto hajafika Fomu Foo, yaani kidato cha nne.

Kila mwaka watahiniwa wakimaliza karatasi ya mwisho ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kazi ya miaka minne hugeuka takataka. Daftari zingine huchomwa nyuma ya bweni, zingine huuzwa kwa kilo. Nunua njugu pale Muthurwa, kisha kunjua kikaratasi chake: mara nyingi utakuta insha ya mtu, alama kwa wino mwekundu na sahihi ya mwalimu wake. Mimi nafundisha Kiingereza na Fasihi huku Eastlands, na jambo hili linaniuma sana, kwa sababu wapo wanafunzi wetu wanaofika hatua ya kuomba vyuo vya Marekani, wanaulizwa karatasi moja tu iliyosahihishwa, na hawana.

Naam, wanaulizwa karatasi yenyewe. Chuo kikuu cha Princeton kinataka kila mwombaji atume kazi moja ya maandishi aliyoandikia somo la shuleni, hasa Kiingereza, historia au somo la jamii, katika miaka mitatu ya mwisho ya sekondari. Iwe na alama aliyopewa na, ikiwezekana, maoni ya mwalimu. Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Hadithi na mashairi hawataki. Wanataka maandishi ya kueleza na kujenga hoja. Sharti hili lilikuja mwaka 2018, Princeton ilipoacha kudai insha ya SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea chuo. Insha ile ilikuwa na gharama zake, na iliwabana watoto wa familia zisizojiweza. Karatasi ya darasani haina ada. Mtoto ameshaiandika, mwalimu ameshaisoma.

Watu wa chuo cha Amherst nao wana njia yao. Mwombaji anachagua: ama ajibu moja ya nukuu wanazotoa, ama atume karatasi iliyosahihishwa ya miaka miwili ya mwisho ya shule. Hapo wanataka hoja iliyoshikana, yenye ushahidi kutoka fasihi, historia au maisha ya jamii. Na wana mipaka ambayo lazima muijue: hawapokei ripoti ya maabara, hawapokei kazi ya kubuni, wala insha iliyoandikwa darasani kwa saa. Nitarudi kwa hili, maana shule zetu linazibana vibaya.

Wengine waliwahi kwenda mbali zaidi. Chuo cha Goucher, jimbo la Maryland, mwaka 2014 kilianzisha njia ya kuomba kwa video ya dakika mbili pamoja na kazi mbili za shule, moja kati yake ikiwa maandishi yaliyosahihishwa. Mwaka 2015 zaidi ya vyuo 80 viliungana kutengeneza fomu mpya ya maombi, iliyokuwa na kabati la mtandaoni ambamo mwanafunzi angeweka kazi zake kuanzia mwaka wa kwanza wa sekondari. Washauri wengi wa shule kule Marekani walilalamika kwamba mtoto wa miaka 14 ataanza kuhangaikia chuo mapema mno. Malalamiko hayo nayaelewa. Lakini wazo la kuweka kazi zako mahali salama tangu mapema, hilo kwetu hapa halina hasara yoyote.

Nasema haya nikiamini kabisa: karatasi iliyosahihishwa ni kati ya vitu vichache kwenye maombi hayo ambavyo mtoto wa Makadara anaweza kuwa navyo sawa na mtoto wa Muthaiga. Safari za ng'ambo hana, mwalimu wa ziada wa SAT hana. Insha aliyoiandika mwenyewe anayo. Au alikuwa nayo kabla ya kuiuza kwa kilo.

Ulizeni, nitajibu.

Mama wa Kayole

Mwalimu, Mungu akubariki. Binti yangu yuko Fomu Thrii na Kiingereza ndilo somo lake. Lakini insha zake nyingi ni 13, 14 kwa 20. Tena mwalimu wake ana wino mkali, anaandika maneno pembeni kama "hoja haijakomaa". Nikiwatumia watu wa Princeton kitu kama hicho si nitamharibia mtoto? Nasikia kule watoto wanapata 95 kwa 100.

Mwalimu wa Jogoo Road

Mama, hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea hesabu, na afadhali umeuliza.

Insha ya kitabu teule kwenye Karatasi ya Tatu ya Kiingereza ya KCSE husahihishwa hivi: utangulizi alama 2, hoja nne zenye alama 3 kila moja, hitimisho alama 2, lugha alama 4. Jumla 20. Mwalimu mzoefu hatoi 4 za lugha ovyo, na hoja ikikosa mfano kutoka kitabuni hukatwa papo hapo. Kwa hiyo 14 kwa utaratibu huo ni kazi nzuri ya mtoto anayejua anachosema. Msomaji wa Marekani hajui hilo. Akiona 14 kwa 20 atapiga hesabu apate asilimia 70, na kwao asilimia 70 ni alama ya mtu aliyelegea.

Dawa yake ni kumwomba mwalimu wa somo au mwalimu mkuu aandike maelezo mafupi ya jinsi shule inavyotoa alama. Darasa lina wanafunzi wangapi, alama ya juu kabisa katika zoezi lile ilikuwa ngapi, ya katikati ngapi. Fomu ya mshauri wa shule ina nafasi ya kueleza mambo ya shule, na maelezo hayo yanakaa vizuri hapo. Msomaji wa chuo akisoma kwamba 14 ndiyo iliyoongoza darasa la watoto 58, ataitazama karatasi kwa jicho lingine.

Kuhusu wino mkali: usiuogope. Mwalimu aliyeandika "hoja haijakomaa" pembeni mwa aya ya tatu amethibitisha kwamba alisoma aya ya tatu. Karatasi yenye tiki kubwa moja na neno "vizuri" chini haimwambii msomaji chochote. Kati ya karatasi ya 16 isiyo na neno na ya 14 iliyojaa maoni, mimi ningechagua ya 14, mradi hoja yake ni nzito.

Kijana wa Umoja

Mwalimu shikamoo. Mimi History napata 14 kwa 15 kwenye yale maswali marefu. Si nitume hiyo tu? Marks ziko juu.

Mwalimu wa Jogoo Road

Marahaba kijana. Hongera kwa alama, lakini itazame hiyo karatasi vizuri. Swali lilisema "eleza sababu sita", nawe ukaeleza sababu sita, kila moja kwenye aya yake fupi, tiki, tiki, tiki. Hayo ni majibu sahihi ya KCSE na usiache kuyaandika hivyo, maana ndivyo mtihani unavyotaka. Ila msomaji wa chuo anatafuta kitu kingine: wewe unashikilia nini, na unamshawishije mtu anayekupinga? Katika sababu sita zilizopangwa, wewe mwenyewe huonekani.

Nenda kwa mwalimu wako wa historia umwombe swali ambalo halina jibu moja. Kwa mfano, kati ya ardhi, kazi ya kulazimishwa na kodi, ni lipi lililowasukuma zaidi watu wa Kenya ya kati kuingia vita vya miaka ya 1950? Andika kurasa tatu au nne nyumbani, utumie vitabu, kisha yeye aisahihishe kama kazi ya darasa na kuiwekea alama. Maktaba ya McMillan pale Banda Street na matawi yake ya Kaloleni na Makadara ni maktaba za umma, nawe uko karibu. Kazi ya namna hiyo inafaa hata kwa Amherst, kwa sababu haikuandikwa darasani kwa saa.

Mkazi wa Huruma

Niseme ukweli ambao wengine hawasemi. Hii ni ngoma ya shule za kimataifa. Watoto wa IB, ule mtaala wa kimataifa, wanaandika insha ya utafiti ya maneno 4,000 kama sehemu ya masomo yao. Sisi tunaandika insha za dakika 40 kwenye foolscap. Halafu karatasi hizo ziwekwe mezani pamoja? Msituuzie matumaini.

Mwalimu wa Jogoo Road

Ndugu, tofauti unayoitaja ipo na siwezi kuificha. Insha ya IB ni maneno 4,000, mwanafunzi ana msimamizi wake, anaifanyia kazi miezi. Wetu ana dakika chache na kengele. Ndiyo maana nimesema sharti la Amherst linatubana: karibu kila insha ya maana katika sekondari zetu huandikwa darasani kwa saa.

Ila fikiria upande wa pili. Sharti la karatasi iliyosahihishwa halimwombi mtoto wa Huruma aandike kama mtoto wa Runda. Msomaji anaambiwa shule ni ipi, ina nini, haina nini. Foolscap iliyoandikwa kwa mkono, na mwanafunzi ambaye ndani ya dakika 40 ameweza kumtetea mhusika anayelaumiwa na darasa zima, hiyo ni kazi. Nimewasahihisha watoto wa aina hiyo, wapo.

Na kuna jambo tunaloweza kulifanya sisi walimu bila ruhusa ya wizara. Likizo ya Aprili, badala ya kuwapa watoto karatasi tano za marudio, tuwape swali moja refu na kitabu kimoja. Tusahihishe kwa maoni kamili. Najua darasa la watoto 60 lina kazi. Basi tuanze na wale wanaotaka. Hoja yako inanipa nguvu ya kulisema hili kwenye kikao cha idara, sio sababu ya kuwaambia vijana wakae kimya.

Msomaji wa Mbali

Salamu kutoka Massachusetts. Nilisoma shule ya kaunti ndogo hapo Nairobi, sasa niko mwaka wa tatu huku. Naongezea machache ya vitendo, maana mwalimu amemaliza ya msingi.

Skani vizuri. Programu za bure za simu zinatosha, usipige picha ya kawaida yenye kivuli cha kichwa chako. Kama simu ni ya shida, nenda saiba yoyote, waambie wakuskanie kwa rangi. Rangi ni muhimu! Ukiskani nyeusi na nyeupe, wino mwekundu wa mwalimu unachanganyika na wako na hakuna anayejua nani alisema nini. Kurasa zote ziwe kwenye PDF moja, zifuatane, na swali lenyewe liwe ukurasa wa kwanza. Wengi husahau swali. Msomaji anakuta jibu zuri la swali asilolijua.

Usinakili upya kwa mwandiko msafi. Ukinakili, alama na maoni yanabaki kwenye karatasi ya zamani na unayotuma inakuwa karatasi tupu. Makosa yaliyozungushiwa duara yaache. Kama mwandiko wako hausomeki kabisa, tuma ile ya mkono kama ilivyo, na nyuma yake uambatanishe nakala iliyopigwa chapa neno kwa neno, pamoja na makosa yake.

Tarehe nazo zinachanganya. KCSE ni Novemba, matokeo yanatoka Desemba mwishoni au Januari, na vyuo vingi vikubwa hufunga maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Ndiyo maana wengi wetu tulimaliza Fomu Foo, tukapata matokeo, kisha tukaomba mwaka uliofuata. Ukifanya hivyo, "miaka mitatu ya mwisho ya sekondari" ni Fomu Tuu hadi Foo, na wakati huo daftari zako zimeshatoka mikononi. Ndiyo sababu onyo la mwalimu la njugu si la mchezo.

Na pesa, maana najua mama wa Kayole analifikiria hilo. Princeton na Amherst hawaangalii uwezo wa familia wanapoamua nani aingie, hata kwa mwanafunzi wa nje ya Marekani, na ukikubaliwa wanagharamia pengo lote la mahitaji yako. Ada ya kuomba nayo ina msamaha kwa asiyeiweza. Kuingia ni vigumu sana, msidanganyike, lakini kikwazo si bei. Ofisi ya EducationUSA ya Ubalozi wa Marekani, Gigiri, inatoa ushauri. Mwenye alama za juu sana za KCSE aulizie pia KenSAP, mpango ulioanza 2004 wa kuwaandaa Wakenya kwa vyuo hivi.

Kijana wa Umoja

Asante mkubwa. Sasa niulize bila kuficha. Kuna jamaa mtaani anaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha, ni kazi yake. Amesema anaweza kuniandikia hiyo ya historia, niinakili kwa mkono, mwalimu asahihishe. Hapo kuna shida?

Mwalimu wa Jogoo Road

Ipo, kijana wangu, na ni kubwa. Nafurahi umeuliza hapa mbele ya watu.

Hiyo biashara ya kuandikia wengine imelisha vijana wengi wa jiji hili, na siwezi kumhukumu mtu anayelipa kodi ya nyumba kwa kalamu yake. Lakini chukua insha yake, mpe mwalimu wako aliyekufundisha miaka mitatu: atajua kabla ya kufika aya ya pili, maana anajua unavyoandika. Asipojua, utakuwa umemfanya aweke sahihi kwenye uongo, halafu yeye huyo ndiye anayetakiwa kuandika barua ya kukupendekeza. Na msomaji wa chuo ana insha yako ya kujieleza na majibu yako mafupi kwenye faili hilohilo. Sauti zikitofautiana, faili linawekwa kando, na ukigunduliwa baada ya kukubaliwa unaweza kurudishwa nyumbani.

Siku hizi ambapo mashine inaandika insha kwa sekunde chache, karatasi ya mkono yenye tarehe, wino wa mwalimu na mifuto yako imepanda thamani. Usiitupe faida hiyo. Kurasa tatu zako zenye makosa mawili matatu zinatosha.

Mkufunzi wa Ufundi

Niingie kidogo kwa wale ambao hawaendi ng'ambo, maana uzi umeelemea Marekani.

Wanafunzi wetu wa vyuo vya ufundi chini ya CBET, mfumo wa mafunzo unaopima umahiri, wanajua potifolio ya ushahidi kuliko mtu yeyote. Bila faili lako la kazi zilizopimwa, huwezi kutambuliwa kuwa umehitimu stadi husika. Na kuna utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaosimamiwa na KNQA, mamlaka ya kitaifa ya vyeti na sifa za elimu: fundi wa Kariobangi Light Industries aliyejifunza kuchomelea kwa mjomba wake anaweza kupimwa kwa ushahidi wa kazi na kupata cheti. Kwa hiyo picha za geti ulilotengeneza, risiti ya mteja, mchoro uliouchora, vyote viweke.

Vyuo vikuu vya umma kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, vinaangalia gredi na alama za makundi ya masomo tu, mtoto asidhani insha itamwongezea kitu huko.

Mama wa Kayole

Na hawa wa mtaala mpya wa CBE? Mdogo wake yuko Gredi 10. Tumechapisha picha za miradi mpaka pesa zikaisha!

Mwalimu wa Jogoo Road

Mama, hawa wana mwanzo mzuri, hata kama wazazi wamechoka. Wamezoea kupimwa kwa kazi za shuleni tangu Gredi 4, na kwenye matokeo ya Gredi 9 tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 zina asilimia 20 yake, mtihani wa KPSEA wa Gredi 6 una 20, na mtihani wenyewe 60. Wazo la kuweka kazi si geni kwao. Tatizo ni kwamba kilichowekwa zaidi ni picha: mtoto akiwa na jembe, mtoto akiwa na mwanasesere wa makuti. Kwa chuo kinachotaka karatasi iliyosahihishwa, picha hizo hazisaidii. Kuanzia sasa hadi Gredi 12 muwekee maandishi: insha ndefu, ripoti ya mradi wa jamii, uchambuzi wa kitabu, kila moja ikiwa na alama na maneno ya mwalimu. Hata kama mwalimu anatoa kiwango badala ya namba, kiwango hicho kitafaa, mradi maana yake ielezwe.

Kijana wa Umoja

Mwalimu nimeongea na Madam wa History leo. Amekubali, amenipa lile swali la ardhi na kodi, anataka kurasa nne baada ya likizo. Pia nimepata insha ya kitabu teule ya Fomu Tuu chini ya godoro, 15 kwa 20, lakini ukurasa wa pili umeloa chai na swali sikuliandika.

Mwalimu wa Jogoo Road

Safi sana. Iskani leo hii kwa rangi kabla haijaharibika zaidi, hiyo chai haina neno mradi maneno yanasomeka. Swali mwombe mwalimu aliyelitunga. Walimu wengi huweka nakala za mitihani ya muhula kwenye faili la idara. Likikosekana, aandike kwa maneno yake swali lilivyokuwa na aweke sahihi. PDF ujitumie kwa barua pepe yako mwenyewe ili simu ikipotea isipotee nayo, na karatasi yenyewe mpe mama yako aiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Ya historia ukiimaliza, mkumbushe Madam aandike tarehe, alama na jina la somo juu ya ukurasa wa kwanza.

Wengine mnaoendelea kusoma: kama una swali kuhusu karatasi fulani, andika hapa ni ya somo gani, kidato gani, alama ngapi kwa ngapi, na mwalimu aliandika nini pembeni. Usiweke jina lako wala la shule.